Kumsoma Gerhard Richter kupitia mikusanyo ya makumbusho mtandaoni, hatua kwa hatua

Ukiandika jina la mchoraji wa Kijerumani Gerhard Richter kwenye Google na kubonyeza sehemu ya picha, utaletewa mamia ya picha kwa mkupuo mmoja: mishumaa, mawingu, msichana aliyegeuza kisogo, rangi zilizoburutwa mpaka zikachanika. Zote zitakuwa na ukubwa uleule wa kiganja. Baadhi si zake kabisa. Nyingine ni mabango ya kuuza, na nyingine ni nakala zilizochapwa za michoro ambayo yenyewe imetundikwa mahali pengine. Ukikaa hapo saa nzima utatoka na picha nyingi kichwani lakini hutamjua mchoraji.

Njia inayofundisha ni kupitia rekodi za makumbusho yanayomiliki au kutunza kazi zake. Kando ya kila picha kwenye rekodi kuna mistari michache ya maandishi: mwaka, vipimo, malighafi, namba, jina la aliyetoa fedha. Kwa Richter maandishi hayo yana uzito kuliko picha iliyo juu yake, kwa sababu skrini hukunyima mambo mawili anayoyajali sana, yaani ukubwa wa kazi na uso wa rangi. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuyarudisha.

Unachohitaji ni kidogo: simu au kompyuta yenye intaneti, daftari au jedwali la Excel au Google Sheets, futi ya kupimia kama ya fundi cherehani, na chaki au gundi ya karatasi isiyoharibu ukuta. Hatua ya 7 ndiyo pekee inayodai kompyuta.

Maisha yake kwa ufupi, ili miaka utakayokutana nayo ikuingie akilini. Alizaliwa Dresden tarehe 9 Februari 1932. Alisoma katika chuo cha sanaa cha jiji hilo kuanzia 1951, akajikita kwenye michoro ya ukutani, wakati huo Dresden ikiwa ndani ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 alivuka kwenda Ujerumani Magharibi na kuanza upya kama mwanafunzi kwenye chuo cha sanaa cha Düsseldorf, alikosoma mpaka 1964. Baadaye akahamia Köln. Mwaka 2017 aliacha kuchora kwa mafuta, ila michoro midogo ya kalamu na wino iliendelea.

Hatua ya 1: Tafuta namba kwanza, picha baadaye

Kila mchoro wa rangi ambao Richter anautambua kama kazi yake una namba kwenye orodha yake. Namba 1 ni Tisch, meza, ya mwaka 1962. Kutoka hapo orodha inapanda mpaka kupita 900. Kazi zinazokwenda pamoja hugawana namba moja, kisha zinatofautishwa kwa kistari: 667-1, 667-2, 667-3. Kwenye tovuti yake rasmi, gerhard-richter.com, namba hii imeandikwa baada ya herufi CR, kifupi cha catalogue raisonné, yaani orodha kamili ya kazi za msanii.

Namba ni ya lazima kwa sababu ya majina. Richter amechora mamia ya kazi zenye jina moja tu, Abstraktes Bild. Ukitafuta kwa jina hilo kwenye hifadhidata yoyote utazama. Hata jina linaloonekana la pekee hukwama: kuna Betty wa 1977 na kuna Betty wa 1988. Yule wa 1977 ni mdogo, sentimita 30 kwa 40, namba 425-4, uso wa binti umelala ukikutazama. Yule wa 1988, namba 663-5, ndiye anayejulikana dunia nzima, aliyevaa koti lenye maua mekundu na kugeuza kichwa nyuma. Watu huchanganya hao wawili kila siku kwenye makala na hata kwenye tasnifu.

Anza basi kwenye tovuti rasmi. Ingia sehemu ya sanaa, chagua michoro ya rangi, kisha tumia kisanduku cha kutafutia. Andika jina la Kijerumani kama unalijua. Ukilipata, nakili vitu vinne: namba ya CR, jina la Kijerumani, mwaka na vipimo. Mara nyingi chini yake utaona pia mkusanyo unaomiliki kazi hiyo na maonyesho iliyowahi kwenda. Hapo ndipo unapata jina la makumbusho ya kufuata.

Tahadhari mbili. Kwanza, zima tafsiri ya moja kwa moja ya kivinjari unaponakili majina. Kivinjari kikishatafsiri, jina unalonakili limebadilishwa, na ukilipeleka kwenye hifadhidata nyingine halitaleta kitu. Pili, herufi ä, ö na ü. Chukua jina la mchoro Seestück, mandhari ya bahari: baadhi ya hifadhidata zinakubali Seestuck, nyingine zinataka Seestueck, nyingine hazikubali chochote isipokuwa Seestück. Kwenye simu, shikilia herufi u kwa muda na itakuletea ü.

Usitafute kwenye orodha hii kazi za kabla ya 1962. Richter aliziacha nje. Mwaka 1956 alichora ukuta mkubwa ndani ya Deutsches Hygiene-Museum pale Dresden kwa ajili ya kumaliza masomo, na ukuta huo ulipakwa rangi juu yake mwaka 1979. Ukikuta rekodi ya kazi ya miaka hiyo isiyo na namba ya CR, si lazima iwe bandia.

Hatua ya 2: Andaa jedwali kabla ya kuzurura

Safu zinazotosha ni hizi: namba kuu, namba baada ya kistari, jina la Kijerumani, jina la Kiingereza, mwaka, kimo kwa sentimita, upana kwa sentimita, malighafi, makumbusho, namba ya usajili ya makumbusho, kiungo, tarehe uliyofungua ukurasa.

Namba ya CR inagawanywa kwenye safu mbili kwa sababu ya kupanga. Ukiiweka kama maandishi kwenye safu moja, programu itaipanga 804 kabla ya 85, na mfuatano wa miaka utavurugika mara moja. Namba ya usajili nayo fanya kinyume: ipe safu yake muundo wa maandishi kabla hujaandika chochote. Ukiiacha kama namba ya kawaida, ile inayoishia na 0 baada ya nukta itapoteza 0 hiyo na hutaipata tena makumbusho.

Vipimo vina mtego wao. Rekodi za Kijerumani huandika 62,5 kwa mkato, za Marekani 62.5 kwa nukta. Ukibandika zote kwenye jedwali moja, nusu zitageuka maandishi na hazitajumlishwa wala kupangwa. Chagua alama moja na ubadilishe zote. Ukikuta inchi, zidisha kwa 2.54.

Makumbusho huandika kimo kwanza, kisha upana. Shika hilo, maana kwa Richter linaamua kila kitu: Betty wa 1988 ni 102 kwa 72, mchoro uliosimama. Lesende wa 1994, namba 804, mwanamke anayesoma, ni 72 kwa 102, mchoro uliolala. Ukigeuza namba hizo umeharibu picha zote mbili.

Hatua ya 3: Pitia makumbusho kwa mpangilio

Anza na Marekani. Si kwamba kazi bora ziko huko. Ni kwamba hifadhidata zao ni nyepesi kutumia, na utajifunza haraka namna rekodi inavyosomwa.

Art Institute of Chicago ina kazi nzuri ya kuanzia, Woman Descending the Staircase ya mwaka 1965, namba 92: mwanamke mwenye gauni la jioni akishuka ngazi, rangi imepanguswa ikiwa mbichi mpaka mwili unaonekana kuwa mwendoni. Saint Louis Art Museum ndiyo yenye Betty wa 1988. SFMOMA ya San Francisco ina Lesende, na pia inatunza mkusanyo wa familia ya Fisher ambao una kazi nyingi za Richter. Kwenye tovuti ya SFMOMA soma mstari wa umiliki kwa makini ili usichanganye mali ya makumbusho na mali ya mkusanyo huo. MoMA ya New York ina mfululizo wa 18. Oktober 1977, tutakaoufanyia kazi kwenye hatua ya 5, na September ya 2005, mchoro wake wa minara ya New York. Hirshhorn ya Washington ina mmoja wa michoro mitano ya 1973 aliyoitoa kwenye Tangazo la Malaika la mchoraji Titian, lile lililoko Scuola Grande di San Rocco pale Venice. Ukiipanga mitano hiyo kwa namba kwenye tovuti rasmi, utaona Malaika na Mariamu wakiyeyuka mmoja baada ya mwingine mpaka zinabaki rangi peke yake.

Uingereza, nenda Tate. Hapa herufi ya mwanzo ya namba ya usajili inasema mengi: T ni mkusanyo wa kudumu, P ni kazi za kuchapa, L ni mkopo wa muda mrefu, AR ni ARTIST ROOMS, mkusanyo unaomilikiwa kwa pamoja na National Galleries of Scotland. Michoro sita ya Cage ya mwaka 2006, namba 897-1 hadi 897-6, iliingia Tate kwa mkopo. Rekodi za mkopo ni za kunakili mapema, kwa sababu mkopo ukiisha ukurasa unaweza kuondoka nao.

Kisha Ujerumani yenyewe. Museum Ludwig ya Köln ina Ema, mwanamke aliye uchi akishuka ngazi, ya 1966, sentimita 200 kwa 130, namba 134. Ina pia 48 Portraits, nyuso 48 za wanaume zilizoonyeshwa Venice mwaka 1972, kila moja sentimita 70 kwa 55. Lenbachhaus ya München inamiliki Atlas, ghala la picha, vipande vya magazeti na michoro ya awali ambalo Richter alilijaza kwa miongo mingi, karatasi takriban 800. Dresden kuna Albertinum pamoja na Gerhard Richter Archiv, na mikusanyo ya serikali ya Dresden hutafutwa kupitia skd-online-collection.skd.museum. Berlin ni recherche.smb.museum.

Ukifika Dresden kwenye kisanduku, usiandike Richter peke yake. Utaletewa lundo la michoro ya Ludwig Richter, mchoraji wa mandhari wa karne ya 19 aliyekuwa mtu wa Dresden vilevile. Kwingineko atatokea Hans Richter, mtengeneza filamu wa kundi la sanaa lililoitwa Dada. Andika jina zima, kisha thibitisha mwaka wa kuzaliwa: 1932.

Mwisho wa hatua hii, angalia kama kuna kichujio kinachoficha kazi zisizo na picha. Kizime. Makumbusho mengi yana rekodi za Richter zenye maandishi bila picha kwa sababu ya haki miliki, na kwa kazi yako maandishi yanatosha. Picha utaiona kwenye tovuti rasmi kwa kutumia namba ya CR.

Hatua ya 4: Soma rekodi mstari kwa mstari

Chukua Betty wa Saint Louis. Namba yake ya usajili ni 23:1992. Sehemu ya mwisho ni mwaka ulioingia makumbusho, sehemu ya kwanza ni nafasi yake kwenye daftari la mwaka huo. Woman Descending the Staircase ya Chicago ni 1997.176, mwaka ukitangulia. Weka miaka hiyo kando ya mwaka wa kuchorwa. Betty alichorwa 1988 akanunuliwa ndani ya miaka minne. Mwanamke wa ngazini alichorwa 1965 na hakufika Chicago mpaka 1997, miaka 32 baadaye. Ukifanya hivi kwa kazi 20 au 30 utaanza kuona lini Marekani ilianza kumtaka mchoraji huyu, bila kusoma kitabu chochote.

Mstari wa malighafi ndio unaokuokoa na kosa kubwa kuliko yote, la kudhani kila kilicho na jina la Richter ni mchoro wa mafuta. Yeye mwenyewe hupiga picha kazi zake na kuzitoa upya kama matoleo ya kuchapwa. 48 Portraits ya Köln ni mafuta kwenye kanvasi. 48 Portraits ya ARTIST ROOMS, iliyoandikwa mwaka 1971–98, ni picha za kamera. Nyuso ni zilezile, kitu si kilekile. Hali kadhalika Strip, zile kazi za mistari ya rangi iliyolala: ni chapa za kidijitali, zilizotokana na mchoro mmoja, namba 724-4 wa mwaka 1990, uliogawanywa kwa kompyuta mara mbili, nne, nane, mpaka vipande 4,096. Ukiona maneno oil on canvas au Öl auf Leinwand, hapo ndipo pana brashi. Ukiona print, offset, photograph au Druck, andika hivyo kwenye safu ya malighafi na usiipe kazi hiyo namba ya CR ya mchoro wa rangi uliotoka. Matoleo ya kuchapwa yana orodha yake tofauti, ingawa Strip zimepewa namba zake kwenye orodha ya michoro.

Mwaka wenye kistari au mkwaju, kama huo wa 1971–98, ni dalili ya kusimama na kuuliza: huu ni muda wa kuchora, au ni mwaka wa asili na mwaka wa nakala?

Vipimo vikitofautiana sentimita moja au mbili kati ya makumbusho na tovuti rasmi, usihangaike. Mmoja amepima na fremu, mwingine bila, au mmoja amebadilisha kutoka inchi. Vikitofautiana sentimita 20, una kazi mbili tofauti mkononi.

Hatua ya 5: Chukua mfululizo mmoja na uumalize

Hapa ndipo muda wako uende. Mfululizo unaofaa kuliko yote ni 18. Oktober 1977, michoro 15 ya kijivu aliyoichora mwaka 1988, namba 667-1 hadi 674-2. MoMA iliununua wote mwaka 1995, kwa hiyo uko sehemu moja.

Tarehe hiyo ndiyo siku Andreas Baader, Gudrun Ensslin na Jan-Carl Raspe, wa kundi la wapiganaji wa siri wa mijini lililoitwa RAF (Rote Armee Fraktion), walipokutwa wakiwa wamekufa au mahututi kwenye seli zao katika gereza la Stammheim, Stuttgart. Ulrike Meinhof alikuwa amefia gereza hilohilo mwaka uliotangulia, Mei 1976. Michoro ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Krefeld, Haus Esters, mwaka 1989, na Wajerumani wengi waliumizwa nayo, waliolaani kundi hilo na waliolihurumia vilevile.

Fungua rekodi zote 15, kila moja kwenye dirisha lake, zipange kwa namba. Anza na tatu za kwanza. Zote zinaitwa Tote, maiti ya mwanamke, na zote zinaonyesha kichwa kilekile cha Meinhof kilicholazwa, alama ya kamba shingoni, kutoka picha ileile ya kamera. Kwenye simu utaapa ni mchoro mmoja uliopakiwa mara tatu. Sasa soma vipimo: 62 kwa 67, 62 kwa 62, 35 kwa 40. Wa kwanza na wa pili vinakaribiana, wa tatu umeshuka hadi karibu theluthi moja ya eneo. Rudi kwenye picha. Kichwa kinasogea ndani ya fremu, kingo za uso zinafifia zaidi, giza la juu linaongezeka. Richter anakupeleka mbali na mwili kwa hatua tatu, na hatua ya mwisho ameichukua kwa kupunguza kanvasi yenyewe. Jambo hilo haliko kwenye picha ya skrini hata kidogo. Liko kwenye mstari wa vipimo.

Kisha nenda mwisho wa kipimo kingine. Beerdigung, mazishi, namba 673, ni 200 kwa 320. Ndiyo kubwa kuliko zote, umati umegeuka ukungu na majeneza ni madoa meupe. Na Plattenspieler, gramafoni iliyokuwa ndani ya seli, 672-2, ni 62 kwa 83 tu. Panga jedwali lako kwa upana, ndogo kwenda kubwa, na uone ni vitu gani amevipa kanvasi ndogo na ni vipi amevipa kubwa.

Baada ya hapo fungua Atlas kwenye tovuti rasmi, karatasi za 470 hadi 479. Hizo ndizo picha za magazeti na za polisi alizozifanyia kazi. Weka karatasi upande mmoja na mchoro upande wa pili. Usitafute kama amenakili sawasawa. Tafuta alichokiondoa: samani, kingo za mlango, vivuli vikali vya taa ya kamera. Amechora picha kwa usahihi kwanza, kisha akapitisha brashi kavu juu ya rangi mbichi kwa mwelekeo mmoja. Angalia mwelekeo huo kwenye kila mchoro, kama ni wa kulala au wa kusimama, na uuandike.

Kwa michoro ya kijivu, zima kipengele cha kulinda macho usiku kwenye simu au kompyuta. Kipengele hicho hutia umanjano, na kijivu cha Richter kikiwa na umanjano kinafanana na picha ya zamani ya familia, kitu ambacho sicho. Zima pia mwanga unaojirekebisha wenyewe, pandisha mwanga kiasi cha robo tatu, na usilinganishe mchoro mmoja kwenye simu na mwingine kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Rudisha ukubwa ukutani

Usiiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto. Pima ukutani kwa futi, tia alama pembe nne kwa chaki au gundi ya karatasi. Kitovu cha mchoro kiwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, usawa ambao makumbusho mengi hutundikia. Fanya September kwanza: 52 kwa 72. Ni kama televisheni ndogo ya sebuleni. Minara miwili ikiwaka moto, tukio lililoonekana duniani kote, ameliweka kwenye ukubwa huo, kisha akalikwangua. Halafu pima Cage moja, takriban sentimita 300 kwa 300. Kwenye nyumba nyingi dari itakuzuia, nenda nje ukatumie ukuta wa uzio. Simama umbali wa mita moja. Kwa umbali huo mchoro unatoka nje ya upeo wa macho pande zote, na hapo utaelewa kwa nini ukiutazama kwenye simu unaonekana kama kitambaa tu.

Michoro hii ya dhahania kuanzia miaka ya 1980 ameifanya kwa Rakel, bapa refu, mara nyingi la plastiki ngumu lenye mpini, analolibebesha rangi na kulivuta juu ya tabaka zilizotangulia. Likivutwa, huacha rangi mpya mahali pengine na kung'oa ya chini mahali pengine. Kuza picha ya Cage kwenye tovuti rasmi na utafute vitu vitatu: mstari mnyoofu unaoonyesha mahali Rakel iliposimama, mashimo ambamo rangi ya chini inachungulia, na mikwaruzo myembamba aliyoirudia kwa ncha au kisu baadaye. Ukivipata vitatu hivyo, umejua mpangilio wa kazi, nini kilitangulia na nini kilifuata.

Birkenau ya 2014, michoro minne ya sentimita 260 kwa 200, namba 937-1 hadi 937-4, itazamwe baada ya Cage, si kabla. Chini ya rangi hizo Richter alikuwa ameanza kuhamisha picha nne zilizopigwa kwa siri na wafungwa ndani ya Auschwitz-Birkenau mwaka 1944. Akaona haiwezekani, akazifunika kwa Rakel, tabaka juu ya tabaka. Ni mali ya wakfu wake wa sanaa na ziko Berlin kwa mkopo wa muda mrefu uliopewa makumbusho ya Nationalgalerie. Jihadhari: kuna pia toleo la picha za kamera za michoro hiyohiyo, na moja limetundikwa katika jengo la bunge, Reichstag. Mstari wa malighafi utakuambia lipi ni lipi.

Hatua ya 7: Vuta data yote kwa mkupuo

Ukiwa na kompyuta na bando la kutosha, huna haja ya kufungua kurasa moja moja. Art Institute of Chicago inatoa data yake bure. Bandika anwani hii kwenye kivinjari:

https://api.artic.edu/api/v1/artworks/search?q=Gerhard%20Richter&fields=title,artist_title,date_display,dimensions,medium_display,main_reference_number&limit=100

Utaletewa maandishi matupu, bila picha, mepesi hata kwa intaneti ya kusuasua. Utafutaji huu unagusa maneno popote kwenye rekodi, hivyo mistari mingi itakuwa ya watu wengine. Baki na ile yenye Gerhard Richter kwenye artist_title na ufute iliyobaki.

MoMA imeweka orodha yake kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana faili, faili inayoitwa Artworks.csv, zaidi ya kazi 130,000 za wasanii wote. Ni faili kubwa, ipakue kwenye Wi-Fi. Excel kwenye kompyuta ya zamani inaweza kuganda ikiifungua, na ukiipitisha Excel bila kutaja usimbaji wa UTF-8, herufi za Kijerumani zitageuka alama za ajabu. Tumia amri ya kuingiza data kutoka faili ya CSV, chagua UTF-8, kisha chuja safu ya Artist. Ndani yake kuna DateAcquired, tarehe kamili kazi ilipoingia, na CreditLine, aliyetoa. Safu za vipimo tayari ziko kwa sentimita.

Hatua ya 8: Hifadhi ulichokipata, na ujue mipaka

Data na maandishi mafupi ya rekodi unaweza kuyatumia kwa upana. Picha ni suala jingine. Haki ya mchoraji nchini Ujerumani hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo. Kenya na Tanzania nako haki ya mchoraji hudumu maisha yake na miongo baada yake. Kwa sababu hiyo Wikimedia Commons haina michoro yake ya kutumia bure, na makumbusho mengi hukupa picha ndogo isiyokuzwa mbali. Picha ya skrini kwa ajili ya kujisomea haina tatizo. Kuiweka kwenye kalenda, fulana, jalada au tovuti ya biashara kunahitaji ruhusa, na mstari wa haki ulio chini ya rekodi ndio unaokuambia wa kumwomba.

Hifadhi kiungo cha kudumu cha rekodi, si anwani ndefu ya matokeo ya utafutaji ambayo hufa ukifunga dirisha. Kwa kazi za mkopo, ingiza ukurasa kwenye web.archive.org siku hiyohiyo, kisha uandike tarehe kwenye safu ya mwisho ya jedwali. Ukurasa ukitoweka, tafuta kazi hiyo kwenye tovuti rasmi kwa namba ya CR uone kama mmiliki amebadilika. Na ukihitaji kuandikia makumbusho, weka kwenye mstari wa kwanza wa barua pepe namba yao ya usajili, jina la Kijerumani na mwaka. Barua yenye namba hufika moja kwa moja kwa mtunza rekodi, na isiyo na namba huishia dawati la wageni.